Kwa Miguu Hadi Rondo na Kikapu cha Machungwa

Tangu nirudi, kila ninayekutana naye hapa Kilwa Masoko ananiuliza swali lile lile: ilikuwaje mwalimu mstaafu mwenye akili timamu akapanda Rondo kwa miguu wakati bodaboda zipo? Nimejibu vipande vipande, na sasa nasikia kuna wanaosema nilifukuzwa na kiboko, na wengine wanasema nilikwenda kuzika. Kiboko nilimwona kwa mbali, akanipuuza. Kuhusu kuzika, mambo yalikuwa marefu kidogo. Nimeona niandike yote mara moja, asomaye asome, nami nipate kunywa kahawa yangu barazani kwa amani.

Daftari

Mke wangu Zuhura ni mzaliwa wa Rondo, kule juu nyuma ya Lindi. Kwa miaka kumi na moja hakukanyaga kwao. Wengi wenu sababu mnaijua nusu, kwa hiyo niiseme nzima.

Kwao, kama kwetu, habari ya kifo haipelekwi waziwazi. Huambiwi "mama amefariki" ukiwa mbali na watu wa kukushika. Unaambiwa "mama anaumwa kidogo, njoo," na mtu mzima anaelewa, anajifunga khanga na kuondoka saa ile ile. Mjumbe naye akiulizwa njiani kuna nini, husema salama tu, mpaka afike anakokwenda. Miaka kumi na moja iliyopita kaka yake, Bakari, alituma ujumbe wa namna hiyo kuhusu mama yao, na Zuhura akalichukua neno kama lilivyo. Alimaliza kuvuna ufuta wake. Akaenda sokoni, akachagua machungwa ya mgonjwa moja moja, akayabonyeza. Siku ya tatu akapanda basi. Alipofika na kikapu kichwani alikuta udongo wa kaburi umeshaanza kukauka. Walikuwa wamemngoja mpaka alasiri, wakazika. Bakari alimwambia mbele ya watu, "Mtu mzima haelezwi mara mbili. Usikanyage tena hapa." Naye hakukanyaga.

Mwaka huu daktari alimwambia atembee kwa ajili ya presha. Akatembea mpaka bandarini na kurudi, wiki mbili, kisha asubuhi moja akaniambia, "Mwalimu, nitakwenda kwa Bakari. Kwa miguu."

"Kutoka Kilwa?"

"Kutoka Rutamba. Njia ya kando ya maziwa, aliyokuwa akitupitisha mama."

"Gari siku hizi linafika mpaka juu."

"Ndiyo maana. Kwa gari nitafika kabla sijajua nitamwambia nini."

Alinipa sharti moja: nisimwambie mtu yeyote njiani tunakwenda kufanya nini. Bakari akisikia tunakuja, alisema, ataingia shambani kwake na hatatoka mpaka tuondoke. Nikaapa.

Kisha nikapanga. Nimefundisha jiografia miaka mingi na sikuwahi kupata safari ya kuipanga sawasawa. Nilichora ramani katika daftari la kurasa mia moja: maziwa kwa kalamu ya bluu, msitu kwa kijani, kilima cha Rondo kwa mistari ya kupanda. Siku tatu za mwendo wa pole. Kutembea saa moja, kupumzika dakika ishirini, kivuli saa sita, kulala kabla jua halijazama. Zuhura aliisoma ratiba ile mpaka mwisho, akanirudishia, akaenda sokoni. Alirudi na kikapu cha machungwa.

"Ya njiani hayo?" nikamuuliza.

"Si ya njiani," akasema.

Masoko hadi Kiranjeranje

Basi liliondoka vizuri na likafa vizuri, Kiranjeranje, mbele ya duka la pembejeo. Utingo alisema ni jambo dogo. Nilitazama saa, nikaandika katika daftari: "Dakika thelathini." Tulikaa pale saa nne na nusu.

Ilikuwa wakati wa ufuta. Mbele za nyumba kulitandikwa maturubai, watu wanakung'uta miganda, na vumbi lake linanukia hata ukilala njaa hutalisahau. Mama mmoja muuza kashata alituita tukae kwenye benchi lake. Baada ya shikamoo na marahaba na habari za watoto, akamtazama Zuhura, akatazama kikapu, akanitazama mimi.

"Mnakwenda Lindi?"

"Lindi, halafu mbele."

"Mbele wapi, baba?"

"Mbele tu."

"Mna mgonjwa?"

"Hapana."

Aliguna. Akaongeza kashata mbili juu ya zile tulizonunua, akazifunga katika gazeti, akasema Mungu awape subira. Nilidhani ni subira ya basi. Zuhura alidhani hivyo hivyo, au alijifanya kudhani.

Nikajaribu kuchukua chungwa moja, kwa kuwa kashata zinakausha koo. Zuhura alinipiga mkono, akakisogeza kikapu upande wa pili. Tulifika Lindi jioni, tukalala kwa binamu yangu ambaye naye tulimdanganya.

Rutamba na ziwa

Gari la Rutamba lilitushusha saa tatu asubuhi, siku moja nyuma ya ratiba. Nilifunga kamba za viatu nikiwa na furaha, naomba nikiri. Hewa ilikuwa baridi kidogo, majani yana umande, na ziwa lilionekana nyuma ya miti limelala kimya. Nikasema, "Tunaanza saa tatu na robo." Tulianza saa tano.

Kosa lilikuwa hili: katika ratiba yangu hapakuwa na salamu. Katika nchi ile njia haipiti nyuma ya nyumba, inapita uwanjani. Huwezi kukatiza uwanja wa mtu kama mbuzi. Unasimama, unapiga hodi, unapewa kigoda, unaulizwa ulikolala, unauliza walivyoamka, unasikia habari za korosho na za tumbili wanaomaliza mahindi. Nyumba nne, na saa mbili zimekwisha. Kila nyumba mwishoni walituuliza kwa upole, "Na huko mwendako, kwema?" Nami nikajibu kwa uaminifu wa kiapo, "Salama tu." Wakatusindikiza mpaka mwisho wa uwanja.

Katika nyumba ya tano daftari langu lilituletea matatizo. Nilikuwa nimelifungua kuangalia ramani, mzee mmoja akaja mbio na panga, si kwa ubaya, alikuwa anatoka shamba, akauliza kwa ukali, "Mnapima?" Nikasema sipimi, natembea. "Unatembea unaandika?" Alikuwa anaitwa Mzee Nassoro, na mtu aliyewahi kuja na daftari kama lile alimwachia mpaka wa shamba ambao mpaka leo hauelewi. Zuhura ndiye aliyetuokoa. Alimwambia jina la mama yake. Mzee Nassoro aliweka panga chini, akasema alimjua, alikuwa akipita hapa na watoto wake kwenda kuvua perege kwa tenga, na binti mmoja alikuwa mkaidi.

"Ndiye mimi," Zuhura akasema, kisha akamwomba asimwambie mtu.

Tulilala kwake. Tulikula ugali wa muhogo na kambale, na asubuhi ming'oko ya kuchemsha yenye chumvi, mizizi ile ya porini ambayo watu wa pwani wanaiona chakula cha shida. Nilikula sahani mbili. Mzee Nassoro alinionyesha kiboko, pua na masikio tu juu ya maji, akanifundisha tupite upande wa juu, mbali na njia zake za malisho. Hicho ndicho kisa changu chote cha kiboko.

Siku ya pili tulifika mahali ambapo miti inaachana na ziwa la pili linaonekana lote. Zuhura alikaa juu ya gogo. Hapa ndipo mama yake alikuwa akiwapumzisha, alisema, wanakula mihogo ya kuchoma, halafu anawasuka nywele ili wafike kwa bibi wakiwa nadhifu. Kisha akaniuliza jambo ambalo kwa miaka kumi na moja hakuliuliza.

"Mwalimu, ule ujumbe wa Bakari. Wewe uliusoma?"

"Niliusoma."

"Ulielewa?"

Ningeweza kusema uongo. Nilikuwa nimeshauzoea tangu Kiranjeranje. "Nilielewa," nikasema. "Nilidhani na wewe umeelewa. Nilikuona unavuna nikasema anajikaza. Nilikuona sokoni unabonyeza machungwa nikasema anajikaza. Si desturi kumwambia mtu."

Alijifunika khanga kichwani akalia, bila sauti, mabega tu yakitikisika. Nilisimama pembeni yake na daftari mkononi. Nilijiona mjinga, na nilijiona mkosaji, na sikuwa na la kufanya na yote mawili. Baadaye akainuka, akachukua kikapu mwenyewe, akatangulia.

Ndani ya msitu

Niliisubiri sana sehemu hii nilipokuwa napanga, na ni kweli msitu ule ni mzuri. Miti imenyooka, chini kuna kivuli cha kijani, ndege wanaitana bila kuonekana. Hakuna kupanda wala kushuka, na njia imefunikwa na majani makavu. Mtu yeyote wa umri wetu anaweza kuipita. Niliandika hivyo katika daftari, na nikiyasoma sasa naona ni maandishi ya mtu aliyekuwa akitafuta cha kufanya, kwa kuwa mke wake alikuwa hatua thelathini mbele na hageuki.

Mchana tulitokea kwenye barabara ya vumbi inayopanda Rondo. Hapo akatukuta kijana wa bodaboda, Sefu, amebeba dumu la mafuta ya kula. Alisimama.

"Shikamoo mzee. Shikamoo mama. Pandeni, nawapandisha mmoja mmoja."

"Marahaba. Tunatembea."

"Mpaka juu? Mzee, hii si mchezo."

"Tunajua."

"Mmetoka wapi?"

"Kilwa."

Akamtazama Zuhura. Alikuwa amesimama mbali nami, khanga imefunika kichwa chote, macho mekundu. Sefu akazima pikipiki. Sauti yake ikabadilika.

"Mnakwenda kwa nani, mzee wangu?"

Nilikuwa nimeapa kutosema tunakwenda kufanya nini. Kwa nani, sikuapa. Nilikuwa nimechoka, na kosa hili ni langu peke yangu. "Kwa Mzee Bakari," nikasema.

"Kwema lakini?"

"Salama tu. Tutasema tukifika."

Sefu alivua kofia yake ngumu. Alisema atatupandisha bure. Nikakataa. Alisema basi achukue hata kikapu. Zuhura akatikisa kichwa. "Nimeelewa, mzee," akaniambia polepole, akaondoka taratibu, bila ile kelele ya injini wanayoipenda. Nilimsifu kwa adabu yake. Nikaandika: "Vijana wa huku wana heshima."

Simu yangu ilikuwa imezimika tangu asubuhi, kwa kuwa nilipiga picha nyingi za miti. Ya Zuhura tuliiacha nyumbani kwa binti yetu. Usiku huo walitulaza watu wa kambi moja ya mkaa, na Zuhura alinigawia chakula bila kunitazama.

Kilima

Katika ramani yangu kilima kile kilikuwa mistari saba ya penseli. Tulianza asubuhi na tulifika juu alasiri. Niseme tu kwamba anayekwenda na presha apumzike kila kona, na anayekwenda na mke asiyezungumza naye apumzike kila nusu kona.

Juu kabisa hewa ilibadilika, ardhi ikawa tambarare, mikorosho ikaanza. Kila mtu tuliyempita alisimama kando ya njia. Wanaume walivua kofia. Mama mmoja aliyekuwa akitwanga aliacha mchi ndani ya kinu na kuinamisha kichwa. Hakuna aliyetupa kigoda, hakuna aliyetuuliza korosho. Nilidhani ratiba imeanza kufanya kazi.

Ilipobaki kona moja, Zuhura akasimama. Yalikuwa maneno yake ya kwanza kwangu tangu ziwani. "Tangulia wewe. Nifunge khanga vizuri." Nikatangulia.

Uwanjani kwa Bakari

Uwanja ulikuwa umejaa watu. Mikeka ilitandikwa, wanaume upande wa mwembe, wanawake mlangoni. Moto mkubwa uliwaka na masufuria matatu juu yake. Kando kulikuwa na pikapu yenye watu sita nyuma, wamevaa kwa safari. Nikafikiri: tumefika siku mbaya, wana msiba. Nikapunguza mwendo, nikavua kofia, nikashusha uso kwa heshima, kama mtu yeyote angefanya.

Waliponiona, peke yangu, kofia mkononi, wanawake wote wakaangua kilio kwa pamoja. Bakari aliinuka kutoka kwenye mkeka. Amezeeka, amekonda, ndevu nyeupe. Alikuja akanikumbatia kwa nguvu, na mtu huyu hakuwahi kunikumbatia hata siku ya harusi yangu.

"Usiseme, shemeji," akaniambia begani. "Usiseme chochote. Jana Sefu aliponiambia mzee wa Kilwa anapanda kwa miguu na mama wa kumsindikiza, na hawataki kusema, nilielewa. Nikakupigia, simu haipatikani. Wenzangu wakasema tuondoke tukawahi mazishi. Nikasema mjumbe lazima afike, nisije nikamkosea dada mara ya pili." Alikuwa analia kama mtoto. "Nilimwambia asikanyage hapa. Shemeji, ndilo neno langu la mwisho kwake. Kaondoka nalo."

Basi nikageuka tu, nikatazama njia.

Zuhura alikuwa amesimama mwanzo wa uwanja na kikapu kichwani, akisikiliza jina lake likililiwa.

Kilio kilikatika kuanzia nyuma kuja mbele. Msichana mmoja alikimbilia ndani. Bakari aliniachia, akarudi hatua moja. Aliyeokoa siku ile alikuwa Bi Chiku, mtani wa ukoo wao, ambaye kazi yake msibani ni kupika na kuwatania wafiwa bila mtu kuruhusiwa kukasirika. Alitoka jikoni na mwiko mkononi, akamzunguka Zuhura kama anayekagua mbuzi sokoni.

"Huyu ndiye maiti wa Kilwa? Anatembea mwenyewe mpaka kaburini, hataki hata kubebwa?" akasema. "Wewe mwanamke, tumelia tangu jana, sauti zimetukauka. Yarudishe machozi yetu! Na wali wangu nani atakula? Kaa chini. Maiti hasimami."

Mtu mmoja akacheka, kisha wawili, na wengine wakawa wanacheka na kulia pamoja. Bi Chiku akamshika Zuhura mabega, akamkalisha kwenye mkeka wa wafiwa, katikati kabisa. Bakari akaketi mbele yake.

"Nani aliyekwambia nimekufa?" Zuhura akauliza.

"Hakuna aliyeniambia," Bakari akasema. "Nilielewa mwenyewe."

Zuhura alikitua kikapu kati yao. "Mimi mwaka ule sikuelewa, kaka. Niliambiwa anaumwa kidogo, nikaleta machungwa."

Bakari alitazama yale machungwa. Sijui alitazama kwa muda gani. Kwa mara ya kwanza safari nzima sikuangalia saa. Akachukua moja, akalishika kwa mikono miwili, akasema kwa sauti ndogo ambayo hata waliokaa karibu waliisikia kwa shida, "Safari hii umewahi, dada."

Wali uliliwa wote. Bi Chiku alihakikisha maiti anapewa ukoko, kama fidia. Pikapu ilirudisha watu makwao. Sefu alikuja kuniomba radhi, nikamwambia hakukosea hata neno moja, mimi ndiye niliyemfundisha. Wengi wenu mmeniomba ile ratiba ya njia ya maziwa. Nitawaazima, ila ongezeni siku mbili kwa ajili ya salamu, na mkiulizwa mnakokwenda, semeni.

Jioni ile Zuhura na kaka yake waligawana machungwa pale mkekani. Nilikaa mbali kidogo, upande wa wanaume, nikajishughulisha na kamba za viatu. Sikuona Zuhura anakuja. Alisimama mbele yangu, akanipa chungwa, moja la mwisho, ameshalimenya. Lilikuwa limelainika upande mmoja kwa kubebwa.

"Kula," akasema. "Na siku nyingine ukielewa, niambie."

Nilisema nitamwambia. Nikala lote.